Barua Milioni 350, Wateja 28

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, kutoka kampasi za Berkeley na San Diego, walijipenyeza ndani ya Storm, mtandao wa kompyuta za watu wa kawaida zilizotekwa kwa programu hasidi na kugeuzwa mitambo ya kumwaga barua pepe taka bila wenyewe kujua. Hawakuongeza barua hata moja. Walibadili tu viungo katika baadhi ya barua zilizokuwa zikipita, ili atakayebofya aangukie kwenye duka la dawa walilolitengeneza wao, ambalo mnunuzi akifika hatua ya kulipa anaambiwa kuna hitilafu. Kisha wakakaa kuhesabu.

Kwa siku 26 zilitumwa barua karibu milioni 350 za kutangaza dawa. Takriban robo tatu hazikupokelewa na seva zilikotumwa. Waliobofya wakafika dukani walikuwa kama 10,500. Waliojaribu kununua walikuwa 28, na 27 kati yao walitaka dawa za nguvu za kiume, bidhaa ambayo mkazi wa Dar es Salaam hahitaji intaneti kuliona tangazo lake, maana limebandikwa kwenye nguzo za umeme.

Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye bahati mbaya kiasi hicho angefunga duka kabla ya jua kuzama. Lakini kwa wastani kila mmoja wa wale 28 alikuwa tayari kutoa karibu dola 100, na watafiti walikuwa wakiona kipande kidogo tu cha Storm, kama asilimia 1.5. Walipokadiria mtandao mzima walipata mapato ya dola 7,000 hivi kwa siku. Umeme, mashine na bando vyote vililipiwa na waliotekwa. Ndiyo maana kuwalaani watumaji hakujawahi kusaidia kitu: ilimradi kutuma ni karibu bure, mjinga mmoja kati ya milioni kumi anatosha. Dawa zilizofanya kazi katika vita hivi ni zile zilizogusa mfuko, ama kwa kuzuia barua zisimfikie mnunuzi, ama kwa kukata njia ya kulipwa.

Tatizo lenyewe lilionekana mapema mno. Novemba 1975, Jon Postel, mmoja wa mafundi walioujenga mtandao wa ARPANET huko Marekani, aliandika waraka mfupi kuhusu barua zisizotakiwa, akaeleza kuwa kompyuta inayopokea haina namna ya kumkataa mtumaji mmoja ikaendelea kuwapokea wengine. Mwaka 1978 Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya Digital, alituma tangazo la kompyuta mpya kwa watu wapatao 400 kwa mkupuo. Anwani zilikuwa nyingi kuliko nafasi yake, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Alikaripiwa, ingawa baadaye alijigamba kwamba mauzo yalikuwa mazuri. Na mwaka 1982 ni Postel huyohuyo aliyeandika itifaki ya SMTP, ambayo hadi leo ndiyo inayosafirisha barua pepe, nayo katika umbo lake la awali inamwamini mtumaji kwa lolote atakalosema kuhusu jina lake.

Wapo waliotaka mtumaji alipie. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba kila barua isindikizwe na hesabu ngumu ambayo kompyuta ya mtumaji lazima iifanye kwanza. Kwa barua moja ni sekunde chache, kwa milioni ni balaa. Adam Back akalileta wazo hilo katika programu ya Hashcash mwaka 1997. Januari 2004 Bill Gates alitamka huko Davos kwamba ndani ya miaka miwili barua taka zingekuwa historia, na malipo ya aina hiyo yalikuwa kati ya tiba alizozitaja. Haikuwa. Mwenye jeshi la kompyuta za wizi hana shida na hesabu, anawaachia aliowateka wazifanye. Anayeumia ni chama cha ushirika au shule inayowaandikia kihalali wanachama na wazazi. Hesabu za Back zilipata kazi kwingine kabisa: zimo ndani ya Bitcoin.

Kilicholeta nafuu ya kweli ni kanuni ya uwezekano ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Watafiti walikuwa wameijaribu tangu miaka ya 1990, lakini ni makala ya Paul Graham ya Agosti 2002 iliyoisambaza. Badala ya kuandika orodha ya maneno mabaya, Graham aliipa programu mafungu mawili, barua safi 4,000 hivi na taka kiasi hichohicho, ikahesabu yenyewe kila neno linaonekana mara ngapi upande upi. Barua mpya ikiingia, programu inachukua maneno 15 yanayoelemea zaidi upande mmoja na kuunganisha uwezekano wake. Mshangao wake ulikuwa kwamba moja ya dalili kali kuliko zote haikuwa tusi wala jina la dawa. Ilikuwa “ff0000”, msimbo wa rangi nyekundu iliyokoza. Nani angefikiria kuliweka hilo kwenye orodha? Kichujio chake kilikosa taka zisizofika tano katika kila elfu.

Watumaji walijibu. Waliharibu tahajia, wakachomeka aya za riwaya kuchanganya hesabu, wakaficha tangazo ndani ya picha. Vichujio vya leo ni vya kujifunza kwa mashine na vinaangalia mengi zaidi ya maneno. Google inasema Gmail huzuia karibu barua bilioni 15 kwa siku. Kila anayebonyeza kitufe cha kuripoti taka anavifundisha, na kadhalika anayeokoa barua safi iliyotupwa huko kimakosa. Kazi hiyo ya pili wengi huisahau.

Pigo la haraka zaidi halikuwa la kihisabati. Novemba 11, 2008, watoa huduma wawili waliikatia intaneti McColo, kampuni ya San Jose, California, iliyokuwa ikihifadhi kompyuta za kuongozea majeshi ya barua taka. Taka za dunia zilipungua kwa zaidi ya nusu papo hapo, ingawa miezi michache baadaye zilikuwa zimerudi. Mwaka 2011 watafiti, baadhi yao kutoka kundi lilelile la Storm, walifuata fedha: walinunua bidhaa zilizotangazwa na kugundua kuwa asilimia 95 ya malipo ya dawa, programu na saa bandia yalipitia benki chache sana. Seva mpya hupatikana kwa siku moja. Benki iliyo tayari kupokea fedha za namna hiyo haipatikani hivyo.

Pengo lililoachwa na imani ya SMTP ya mwaka 1982 nalo linazibwa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wakubwa kuthibitisha kikoa chao kwa saini ya kidijitali na kwa orodha ya seva zilizoruhusiwa, kuweka njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na kuhakikisha malalamiko hayafiki asilimia 0.3. Tapeli anaweza kusajili kikoa chake na kukithibitisha, lakini kuvaa jina la benki yako kunakuwa kugumu. Sheria zinatofautiana: ya Marekani ya mwaka 2003 inaruhusu tangazo la kwanza bila ridhaa, mradi mpokeaji aweze kujiondoa, ya Kenya ya ulinzi wa data, ya mwaka 2019, inadai idhini ya wazi kabla ya kutumia taarifa za mtu kibiashara.

Kwa mtumiaji, kitufe cha kujiondoa kinafaa kwa kampuni aliyowahi kuipa anwani mwenyewe. Kwa asiyemjua, kubofya ni kumthibitishia kwamba kuna mtu. Picha zisizoonekana hufanya kazi hiyohiyo, na mipangilio ya barua pepe inaweza kuzizuia zisifunguke zenyewe.

Afrika Mashariki taka huja pia kwa ujumbe wa simu. “Ile hela tuma kwenye namba hii” haina kiungo wala kiambatisho cha kuchunguzwa. Zaidi ya hayo, kichujio kinachokata maneno penye nafasi huona “tuma”, “nitumie”, “itume” na “umetumiwa” kuwa maneno manne yasiyohusiana, hivyo Kiswahili kinakidai mifano mingi zaidi au kikate neno vipande. Tanzania imechagua kuanzia kwenye laini: mteja hutuma ujumbe huo na namba ya tapeli kwenda 15040, na namba inaweza kufungiwa. Laini husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo iliyofungwa haifufuki kwa jina la bandia. Tapeli sasa hutafuta mtu wa kumsajilia, na mtu huyo anataka kulipwa.