Simu na Vijana Wetu (2): Pima Matumizi Kwanza, Ndipo Ununue

Katika sehemu ya kwanza tulijadili umri ambao mtoto anafaa kukabidhiwa simu yake mwenyewe. Leo tunaingia kwenye mfuko wa mzazi. Familia nyingi nchini hulipia mawasiliano vipandevipande: elfu moja ya asubuhi, mia tano ya jioni, na elfu nyingine pale mtoto anapolalamika kuwa bando limekata katikati ya somo. Kwa kuwa hela hiyo hutoka kidogo kidogo, hakuna anayeijumlisha. Nyumba yenye watu wanne, kila mmoja akijiunga bando la shilingi 1,000 kwa siku, hutumia shilingi 120,000 kwa mwezi. Mzazi akiombwa kiasi hicho kwa mkupuo mmoja angeshtuka, lakini ndicho anachotoa.

Ushauri wangu kwa mzazi ni kufuata mpangilio huu: apime matumizi ya nyumba, kisha achague bando, kisha mtandao, na kifaa kije mwisho. Wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunanunua simu kwa kuvutiwa na kamera, halafu tunahangaika kuilisha kila siku.

Megabaiti zinakwenda wapi?

Kasi ya intaneti hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, na bando hupimwa kwa megabaiti. Megabaiti moja ina megabiti nane. Ukilijua hilo tu, unaweza kukadiria matumizi ya mwanao kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na muziki. Wimbo unaosikilizwa mtandaoni kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hula takribani MB 58 kwa saa. Video ni jambo jingine kabisa. Video ya ubora wa kawaida inayopita kwa megabiti moja kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Ikiongezwa ubora hadi megabiti mbili na nusu, hula MB 1,125 kwa saa, maana yake bando la GB 1 linakwisha kabla saa haijatimia. Kijana anayetazama video saa mbili kwa siku kwa kiwango kile cha chini cha megabiti moja atahitaji GB 27 kwa mwezi. Ujumbe wa maandishi, hata akiandika kutwa nzima, hauonekani kwenye hesabu hiyo.

Ndiyo maana mzozo wa "mbona bando limeisha na mimi nilikuwa nachati tu" hauna mwisho katika nyumba nyingi. Kijana anaweza kuwa anasema kweli. Ndani ya makundi ya WhatsApp, picha hujipakua zenyewe iwapo mpangilio wake haujabadilishwa. Kwenye TikTok na Instagram, video inayofuata huanza kupakuliwa kabla hajaigusa. Programu nazo hujisasisha kimyakimya.

Simu za Android huweka kumbukumbu ya yote hayo. Ingia kwenye mipangilio, kisha mtandao, kisha matumizi ya data. Utaona orodha ya programu, kila moja na kiasi ilichokula tangu mwezi uanze. Kaeni pamoja, mzazi na kijana, muisome. Kisha fanyeni mambo manne hapo hapo: zimeni upakuaji wa kujiendesha kwenye WhatsApp, washeni kipengele cha kuokoa data, shusheni ubora wa video, na wekeni kikomo cha data cha mwezi ili simu ikate intaneti yenyewe kikifikiwa. Somo la hisabati la dakika 40 likitazamwa kwa nusu megabiti kwa sekunde linakula MB 150 tu, na ubao wa mwalimu unasomeka vizuri. Mkishafanya hivyo, subirini wiki mbili kisha someni tena ile orodha. Kiasi mtakachokiona ndicho kipimo cha kweli cha mahitaji ya nyumba yenu.

Bei ya megabaiti moja

Sasa twende dukani. Matangazo ya mabando hutaja GB kwa herufi kubwa na muda kwa herufi ndogo. Chukua bei, igawanye kwa idadi ya MB, upate gharama ya megabaiti moja. Nitatumia takwimu za mfano tu, kwa kuwa bei hubadilika mara kwa mara. Tuseme bando la siku la shilingi 1,000 linatoa MB 500: kila MB ni shilingi 2. Tuseme la mwezi la shilingi 20,000 linatoa MB 14,000: kila MB ni chini kidogo ya shilingi 1.50. Lakini hesabu haijaisha. Ikiwa katika lile bando la siku MB 150 zilikwisha muda wake bila kutumika, ulichokitumia ni MB 350, na bei yako halisi imepanda hadi karibu shilingi 2.90 kwa MB. Muda kuisha ndiko kunakopandisha bei ya bando dogo.

Isieleweke kwamba bando la mwezi ni nafuu daima. Kijana anayepewa GB 14 bila kikomo anaweza kuzimaliza kwa siku nne, na siku ya tano mzazi anarudi kwenye elfu elfu zile zile. Bando kubwa huwa nafuu pale tu panapokuwa na kikomo kilichokubaliwa. Na mwanafunzi wa bweni ambaye shule haimruhusu kuwa na simu hana haja ya bando la mwezi kabisa. Yeye ajiungie wakati wa likizo. Kwa mtu mwenye matumizi madogo sana, bando lisilo na muda wa kuisha, kama lile ambalo Safaricom ya Kenya ilianza kuuza mwaka 2019, linaweza kumfaa hata kama bei yake kwa MB ni kubwa zaidi, kwa sababu hapotezi kitu.

Kuna mabando mawili yanayohitaji tahadhari. La kwanza ni lile la mitandao ya kijamii pekee. Bando la WhatsApp hulipia WhatsApp tu. Kijana akibonyeza kiungo alichotumiwa na mwalimu kwenye kundi la darasa, ukurasa hufunguka nje ya WhatsApp na kuanza kula salio la kawaida, au hugoma kufunguka. La pili ni bando la usiku. Ni kweli ni rahisi, lakini linamnunulia mtoto wa shule saa ambazo anapaswa kuwa amelala. Shilingi zinazookolewa hapo zinalipwa darasani asubuhi. Mzazi asilinunue.

Laini nne au bando moja?

Familia inayokaa pamoja jioni haihitaji kila mtu kuwa na bando kubwa. Mzazi mmoja anaweza kununua bando moja la mwezi na kuwarushia wengine intaneti kutoka simu yake, au nyumba ikawa na ruta inayotumia laini yake yenyewe. Walio kwenye mitaa iliyofikiwa na faiba waulizie pia huduma hiyo, kwa mfano Faiba Mlangoni Kwako ya TTCL. Mtoto abaki na bando dogo la dakika na SMS kwa ajili ya njiani.

Hapa lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Simu ya kijana ikipokea intaneti kutoka simu yako, inaweza kuichukulia kama Wi-Fi ya nyumbani isiyo na kipimo. Itaanza kusasisha programu na kuhifadhi picha zote mtandaoni, na bando lako litayeyuka kabla ya chakula cha usiku. Dawa yake ni ndogo: kwenye simu ya kijana, fungua mipangilio ya ile Wi-Fi, chagua ihesabiwe kuwa mtandao unaopimwa. Baada ya hapo simu itakuwa na adabu ile ile inayokuwa nayo inapotumia laini.

Kuhusu mtandao upi, usiulize upi ni bora nchini. Uliza upi unashika ndani ya nyumba yako, shuleni kwa mtoto na kijijini kwa bibi. Azima laini za majirani, pima 4G ukiwa chumbani na mlango umefungwa. Simu nyingi zinapokea laini mbili, hivyo si kosa dakika zikawa za mtandao mmoja na intaneti ya mwingine.

Kifaa kije mwisho

Kwa mtoto anayehitaji kupigiwa tu, kitochi kinatosha. Chaji yake hukaa siku kadhaa, na hata kikidondoka hasara yake si kubwa. Kwa anayesomea kwenye simu, kama vile kupakua vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, tafuteni simu janja ya 4G yenye kumbukumbu tendaji ya angalau GB 2, ikiwezekana 3, na hifadhi ya angalau GB 32. Epukeni toleo la Android lililopitwa na wakati. Kuanzia mwaka 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5, na programu za benki nazo huacha matoleo ya zamani hatua kwa hatua.

Simu ya mtumba inaweza kuwa chaguo zuri mno, mradi uikague ukiwa dukani, iwe Kariakoo au stendi ya mkoani. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090. Huo ni mfumo wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na majibu yatakuonyesha iwapo namba hiyo ni ya simu unayoiona mkononi. Kumbuka kuwa simu bandia zilizimwa nchini tarehe 16 Juni 2016, na waliozinunua ndio waliopata hasara.

Ukimaliza hapo, mwombe muuzaji aifute simu yote mbele yako na kuiwasha upya. Ikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine, au iPhone ikidai akaunti ya Apple ya mwenyewe wa kwanza, irudishe. Muuzaji akikuambia fundi ataitoa, ondoka. Kisha weka laini yako upige simu, chomeka chaja uone kama sehemu ya chaji haichezi, jaribu kamera zote mbili, na pitisha kidole kwenye kioo kizima ukitafuta sehemu isiyoitikia. Dai risiti yenye IMEI.

Simu ya mkopo nayo ifanyiwe hesabu kabla ya kusaini. Tuseme kianzio ni shilingi 50,000 na malipo ni shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla ni shilingi 415,000. Nenda duka la pili uulize simu hiyo hiyo taslimu ni shilingi ngapi. Tofauti ndiyo gharama ya mkopo. Simu nyingi za aina hii hufungwa kwa mbali malipo yakichelewa, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kufungiwa madaftari yake wiki ya mtihani. Mzazi mwenye subira ya miezi minne akiweka shilingi 1,000 hiyo hiyo kwenye kibubu, akajumlisha na kile kianzio, atakuwa na shilingi 170,000 mkononi na hadaiwi na mtu.

Laini ni ya nani?

Kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa aliyefikisha miaka 18, kwa hiyo laini ya mtoto husajiliwa kwa mzazi au mlezi. Kitakachofanywa na laini hiyo kitaulizwa kwako. Piga *106# mara kwa mara uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua itolee taarifa kwa mtandao husika. Laini isiyotumika kwa miezi mingi inaweza kufungwa na namba ikapewa mtu mwingine, basi ya mtoto wa bweni iwekewe vocha na kutumika kila likizo.

Mfundishe kijana kuhusu utapeli tangu siku ya kwanza. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" humfikia yeye kama unavyokufikia wewe. Namba iliyoutuma iripotiwe kwenda 15040, wala asiijibu.

Ndugu msomaji, nakuomba usiifanye hesabu hii peke yako usiku wakati watoto wamelala. Iweke mezani. Waeleze vijana fedha iliyopo kwa mwezi, wape kalamu, waache wagawe wenyewe kati ya masomo, marafiki na burudani, kisha msimamie mlichokubaliana. Kijana wa kidato cha pili anayeweza kutafuta thamani ya x anaweza kabisa kutafuta bei ya megabaiti, na akishaijua atalitunza bando kuliko unavyomlazimisha. Anzeni mwezi ujao ukiingia. Wiki ijayo tutaeleza mipangilio ya usalama ya kumlinda mtoto aliye chini ya miaka 13, na namna ya kuiweka hatua kwa hatua.