Anajidekeza au Anaumwa?

Waingereza wana neno lao, self-pity. Ni maneno mawili yaliyounganishwa. Self ni nafsi, na pity ni huruma. Basi maana yake ni kujionea huruma. Ukilisikia hivyo tu utadhani ni neno zuri, kwani huruma ni jambo jema. Lakini halitumiki hivyo. Mwingereza akisema mtu fulani ana self-pity, anamlaumu. Anasema mtu huyo amekaa anahesabu shida zake tu, wala hataki kujisaidia. Sisi tunalo neno la karibu. Tunasema, "Anajidekeza."

Kila mtu hujionea huruma siku moja moja. Mvua imekatika, mahindi yamekauka. Unakaa chini ya mwembe unanung'unika. Huo si ugonjwa. Jirani akija na kichekesho, unacheka. Ukiitwa kula, unakula. Kesho unashika jembe tena.

Shida huja neno hili linapobandikwa kwa mgonjwa. Mfikirie mama aliyejifungua. Siku za mwanzo anaweza kulialia bila sababu. Hilo ni jambo la kawaida, na huisha kabla ya majuma mawili. Lakini kuna mama ambaye haliishi. Hana hamu ya chakula. Hapati usingizi hata mtoto akilala. Hamfurahii mtoto wake, na anajiona hafai kitu. Mama mkwe anasema anadeka. Mume anasema ni mvivu. Mimi nasema huyo anaumwa. Ugonjwa wake unaitwa sonona. Huwapata wanaume pia, na hata watu wenye mali. Kumwambia mgonjwa wa sonona "jikaze" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Je, utajuaje? Hesabu siku. Huzuni, au kukosa hamu ya mambo yote, ikidumu karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, mleteni zahanati. Tutamwangalia na damu pia, kwa sababu upungufu wa damu nao humlegeza mtu. Wengine hupata nafuu kwa mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Wengine huandikiwa vidonge. Vidonge hivyo si kama aspirini. Huchukua majuma kadhaa kabla ya mgonjwa kuona nafuu. Asiviache njiani kwa kusema havifanyi kazi. Na akipata nafuu, asiviache ghafla bila kumwuliza mganga.

Akisema heri afe, msingoje majuma mawili. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa kuuliza, wakidhani watamtia wazo hilo kichwani. Sivyo. Msimwache peke yake. Ondoeni nyumbani dawa ya kuulia wadudu wa pamba, na kamba pia. Kisha mleteni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.