Kuishi Ndani ya Vani Marekani (2): Kodi ya Pango Hulipia Nini?

Sehemu iliyopita ilihusu ufundi: jinsi vani ya mizigo kama Ford Transit au Mercedes Sprinter inavyowekewa kitanda, tangi la maji, betri na paneli za sola mpaka watu wawili wakaweza kulala, kupika na kufanya kazi humo. Ufundi huo hauna fumbo kubwa, na mwenye fedha ataupata. Leo nagusa jambo ambalo wenzi wanaoacha nyumba hulifikiria mwisho, ilhali lilistahili kutangulia. Hoja yangu ni kwamba kodi ya pango hailipii kuta na paa peke yake. Sehemu kubwa ya kodi hulipia haki ya kutulia, yaani kuwa mahali fulani usiku na mchana bila mtu kuja kukuuliza utaondoka lini. Vani hubeba kitanda na jiko, lakini haki hiyo haibebeki. Anayehamia garini anaikabidhi pamoja na funguo za mwenye nyumba, kisha inambidi aiombe upya kila jioni kwa mwenye maegesho, kwa polisi na kwa halmashauri.

Ushahidi wa kwanza uko mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya California dhidi ya Carney, iliyohusu gari la kuishi lililokuwa limeegeshwa jijini San Diego na kupekuliwa na maofisa wasio na hati. Majaji sita dhidi ya watatu walisema upekuzi wa namna hiyo ni halali iwapo maofisa wana sababu za kutosha za kushuku kosa, kwa kuwa kitu kinachoweza kuwashwa na kuondoka wakati wowote ni gari, hata kama ndani yake kuna mtu anayelala. Kinachonivutia zaidi ni tanbihi ya hukumu hiyo. Humo mahakama iliacha wazi swali la gari lililoinuliwa juu ya matofali, au lililounganishwa na maji na umeme. Kwa maneno mengine, kadiri gari linavyopoteza uwezo wa kutembea ndivyo sheria inavyoanza kuliona kuwa nyumba. Wenzi walionunua vani ili watembee wamenunua na udhaifu huo, na sidhani kama muuzaji yeyote huwa anawaeleza.

Miji nayo haijakaa kimya. Los Angeles ilikuwa na sheria ndogo ya mwaka 1983 iliyokataza kutumia gari kama makazi. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa iliibatilisha kwa kuwa haikueleweka inakataza nini hasa. Jiji likarudi na sheria nyingine, iliyoanza kutumika 2017, ikitaja safari hii mitaa na saa: kulala garini kwenye mitaa ya makazi kati ya saa 3 usiku na saa 12 asubuhi kulikuwa kosa, na karibu na shule au bustani za umma kulikuwa kosa saa zote. Kisha, tarehe 28 Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass wa jimbo la Oregon, Mahakama ya Juu ikasema kwamba kuwaadhibu wanaopiga kambi kwenye maeneo ya umma hakuvunji katazo la katiba dhidi ya adhabu za kikatili. Tangu hapo miji imepata nguvu mpya ya kuwafukuza watu, awe mwenye hema kuukuu au mwenye vani ya maelfu ya dola.

Atasema mtu kwamba ziko pia hukumu zinazomlinda mkazi wa garini. Ni kweli, na ile ya Seattle inafaa kusomwa kwa makini. Steven Long aliishi ndani ya pikapu yake. Mwaka 2016 gari hilo lilivutwa na kuzuiliwa kwa kuwa lilikaa zaidi ya saa 72 mahali pamoja, naye akabaki akilala nje. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba pikapu hiyo ni makazi yanayolindwa na sheria, na kwamba kumdai dola 547 za kuivuta ni adhabu iliyozidi kiasi kwa mtu wa kipato chake. Ushindi ni ushindi, ila ulichukua karibu miaka mitano, na hauvuki mipaka ya jimbo moja. Kesi hiyo inafunua jambo jingine linalowagusa wenzi moja kwa moja: gari likivutwa, nyumba imevutwa. Hata bila polisi, injini ikifa, nyumba inalala gereji na watu wawili wanatafuta hoteli. Wakiachana hali ni ngumu zaidi, maana chumba hakuna cha kugawana, na katika jimbo kama California majina mawili kwenye kadi ya gari yanaweza kuandikwa kwa namna inayomruhusu mmoja kuuza bila sahihi ya mwenzake.

Anwani ndiyo kipande kingine cha haki hiyo. Leseni, bima, kodi ya mapato na kura vyote vinauliza unakaa wapi. Wengi hukimbilia South Dakota, ambako kwa miaka mingi risiti ya kulala usiku mmoja, pamoja na anwani ya kampuni ya kupokea barua, imetosha kumpatia msafiri leseni ya udereva. Mwaka 2023 jimbo hilo lilipitisha sharti la kuwa mkazi kwa siku 30 kwa anayetaka kujiandikisha kupiga kura. Bima ya afya nayo hufuata eneo: mpango ulionunuliwa kwa anwani ya jimbo moja mara nyingi hautambui daktari wa kawaida wa jimbo jingine.

Pingamizi zito kuliko yote ni ardhi ya umma. BLM, shirika la serikali kuu, linasimamia ekari zipatazo milioni 245, nyingi zikiwa magharibi, na sehemu kubwa ni ruhusa kulala bure. Lakini ruhusa hiyo ina saa ukutani: kwa kawaida siku 14 katika kipindi cha siku 28, kisha sogea. Kwenye jangwa la Quartzsite, Arizona, kuna maeneo ya kukaa muda mrefu kwa dola 180 kwa msimu mzima, kuanzia 15 Septemba. Hiyo nayo ni kodi, ndogo kweli, na kuwapo kwake kunathibitisha ninachosema: watu wanaomiliki magari kamili bado wanalipa ili waachwe watulie. Wanaofikiria kununua kiwanja chao wenyewe wajue kwamba kaunti nyingi hukataza kuishi garini hata kwenye ardhi yako. Na msomaji atakayenikumbusha kuwa wafugaji wetu wamehama karne nyingi bila shida, nitamjibu kwamba Mmaasai alihama ndani ya haki, akijua kisima hiki ni cha nani na malisho yale yanafunguliwa lini. Haki hizo zilipobanwa, kuhama kwake kulianza kuitwa uvamizi.

Sisemi wenzi wasihamie garini. Wenye akiba na kazi ya kufanyika kwa intaneti, wenye ndugu atakayewapa uwanja wa kuegesha, wanaweza kuishi vizuri, na akiba ya kodi ni ya kweli. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kupima urefu wa kitanda, wachukue kalenda na kuandika kila wiki ya mwaka watakuwa wapi, na kwa ruhusa ya nani. Msimu wa Quartzsite hufungwa 15 Aprili. Wajue tarehe 16 watalala wapi.