Umenunua Ndege? Haya, Sasa Nunua Kitakachokurudisha Nyumbani

Vifaa vya kuongozea ndege ndogo vinang'aa kama simu mpya, na bei zake zinauma. Kabla hamjatoa pesa, kaeni wawili muulizane kipi kinatangulia.

Sikukuu ya Idi iliyopita nilikuwa Ole, kisiwani Pemba, kwa dada yangu. Tumekaa barazani, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, chai ya mchaichai na mkate wa kumimina mbele yetu. Mara tukasikia mngurumo, Cessna Caravan inashuka kuelekea uwanja wa ndege wa Pemba, kule Chake Chake. Watoto wakakimbia nje kuipungia mikono. Shemeji naye akainuka, mtu mzima na ndevu zake!

Shemeji ana ugonjwa wa ndege, bwana. Ana leseni ya urubani binafsi, na yeye na rafiki zake wawili walichangishana wakanunua Cessna 172 ya zamani, ya viti vinne, inayolala Dar. Sasa wanataka kuipamba ndani. Akatoa simu akanionyesha orodha: skrini mbili za rangi, GPS ya kisasa, otopailoti, tableti ya kubandika mbele ya rubani. Nilipofika kwenye jumla, nikaweka kikombe chini.

Dada akaisoma orodha nzima kimya. Kisha akauliza swali moja tu: "Mume wangu, katika hivi vyote, kipi kitakurudisha nyumbani?"

Shemeji akacheka. Lakini hakujibu.

Digrii 10 tu, umeikosa Pemba

Swali la dada si la mtu mwoga. Kutoka uwanja wa Unguja hadi uwanja wa Pemba ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka, kuelekea kaskazini-mashariki. Kwa Cessna 172 ni dakika 35 hadi 40 hivi, na sehemu kubwa ya safari chini yako ni maji.

Sasa piga hesabu. Ukikosea mwelekeo kwa digrii 10 na usijirekebishe, ukimaliza kilomita hizo 125 utakuwa umetoka nje ya njia kwa kilomita 22. Upana wa Pemba penyewe ni kama huo huo. Ukikosea upande wa mashariki, mbele yako ni Bahari ya Hindi tupu. Siku angavu hakuna neno, utakiona kisiwa pembeni ugeuze. Siku ya masika, wingu limeshuka na mvua imefunga, utakiona wapi?

Ndiyo maana GPS ilibadilisha maisha ya marubani wadogo. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa inapunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia. Ilipoacha, hata kifaa cha mkononi kikaweza kukwambia ulipo kwa tofauti ya mita chache. Kwa hiyo GPS nzuri, ndiyo, inunuliwe. Swali ni ipi, na pamoja na nini.

Anza na safari zenu, si na katalogi

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchagua kwa macho. Ni sawa na bibi harusi anayenunua kabati la vyombo kabla ya kujua jiko lina ukubwa gani. Kaeni chini muandike: mwaka mzima huu mtaruka wapi?

Kama safari zenu ni za visiwani, adui yenu ni maji. Pesa ya mwanzo iende kwenye GPS ya kuaminika, redio nzuri, majaketi ya kujiokolea na kifaa cha kutoa ishara ya dharura. Majaketi yavaliwe kabla ya kuondoka, maana kwenye chumba kidogo kama kile hakuna nafasi ya kuhangaika nayo baadaye.

Kama mnakwenda Arusha au Lushoto, adui ni milima. Usambara hiyo hapo, na Kilimanjaro ina mita 5,895. Hapo kifaa kinachoonyesha milima kwenye skrini na kupiga kelele unapoisogelea kina thamani kuliko otopailoti. Tarehe 5 Juni 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare nchini Kenya. Watu wote 10 walipoteza maisha.

Vipi kuhusu vipokezi vya VOR, vinavyofuata mawimbi ya redio kutoka vituo vya ardhini? Visidharauliwe. Tangu vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, marubani wa Ulaya Mashariki na Mashariki ya Kati wamekuwa wakiripoti GPS kuvurugwa. Pemba si uwanja wa vita, lakini somo ni kwamba usitegemee mguu mmoja. Angalia kwenye kitabu rasmi cha taarifa za anga cha TCAA ni vituo gani vipo kwenye njia zenu, ndipo uamue.

Mitego ya mtumba

Sote tunapenda mtumba wa Marekani, tusidanganyane. Lakini kwenye ndege kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni vitoa ishara vya zamani vya megahezi 121.5. Satelaiti za uokoaji za Cospas-Sarsat ziliacha kusikiliza masafa hayo tarehe 1 Februari 2009. Ukianguka baharini na kifaa hicho peke yake, satelaiti haitakusikia. Nunueni cha megahezi 406.

Wa pili ni vifaa vya ADS-B, vinavyotangaza ndege yako iko wapi. Marekani wanaruhusu aina mbili, ya megahezi 978 na ya 1090. Ile ya 978 ni ya kwao tu. Sisi huku tunakwenda na 1090 kama dunia nyingine. Muuzaji akikupa ya 978 kwa bei ya kutupa, ujue kwa nini anaitupa.

Wa tatu ni data. Ramani za ndani ya GPS za ndege hutolewa upya kila siku 28, na hulipiwa. GPS isiyolipiwa ni kama king'amuzi kisicho na kifurushi: kinawaka, lakini hakina cha leo. Ingizeni gharama hiyo kwenye bajeti ya mwaka kabla hamjanunua.

Na chochote cha kufungwa ndani ya ndege kifungwe na fundi mwenye leseni, kwa idhini inayotakiwa. Fundi redio wa mtaani mwachie redio yako.

Tableti ni msaidizi, si bosi

Tableti ni tamu, sikatai. Ramani yote mikononi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya skrini za kufunga. Lakini Apple wenyewe wanasema iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Iweke chini ya kioo cha ndege jua la Januari uone kama haitajizima. Iwe nayo, lakini pembeni ziwepo dira, saa na ramani ya karatasi. Dira haihitaji chaji.

Kifaa ghali kuliko vyote

Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mtoto wa Rais wa zamani wa Marekani, alirusha ndege yake ndogo akiwa na mkewe Carolyn na shemeji yake Lauren. Ilikuwa giza, kuna ukungu, chini ni bahari. Ndege ilikuwa na GPS na otopailoti. Wote watatu walikufa. Wachunguzi walihitimisha kwamba rubani alipoteza mwelekeo na kushindwa kuidhibiti ndege.

Gizani juu ya maji sikio linakudanganya. Unahisi umenyooka, kumbe ndege imelala upande. Dawa yake ni mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo peke yake, na Kennedy hakuwa na idhini hiyo. Kwa hiyo kabla ya skrini ya pili, lipieni masomo.

Muulizane haya kabla ya kulipa

1. Safari zetu nyingi ni za maji au za milima?
2. Kifaa hiki kikizima angani, tutatumia nini badala yake?
3. Gharama yake ya kila mwaka tunaimudu, ada za shule zikiwemo?
4. Rubani amejifunza kukitumia akiwa ardhini, au atajifunzia angani na sisi ndani?
5. Ni hali gani ya hewa ambayo tumekubaliana kwamba hatuondoki, hata kama harusi inatungoja?

Hilo la tano halina bei dukani. Na mke au mume akisema "leo tusiende," iwe imeisha.

Juzi dada kanitumia picha kwenye WhatsApp. Orodha ya shemeji imepinduliwa juu chini. Skrini za rangi zimeshuka mkiani, na juu kabisa kuna masomo, GPS moja nzuri, majaketi manne na kitoa ishara cha mfukoni cha 406, kwa sababu kilichofungwa kwenye ndege kinaweza kuzama nayo.

Kifaa hicho husajiliwa, na fomu ina nafasi ya mtu wa kupigiwa simu ishara ikisikika. Shemeji ameandika namba ya dada. Chini ya picha dada kaongeza maneno machache: "Sasa kanijibu."