Ngozi Isiyoweka Kovu

Mtoto aliyeunguzwa na uji mkononi hupona, lakini ngozi mpya huwa ngumu, nayo huvuta kiwiko hata mkono usinyooke. Kwa watu wenye ngozi nyeusi huwa ni rahisi zaidi kovu kuvimba na kutambaa nje ya mipaka ya jeraha. Mtoto huyo huyo, alipokuwa tumboni mwa mamaye, kabla ya juma la 24 hivi, ngozi yake ingalikatwa ingaliungana bila kuacha alama. Alikuwa na nini wakati ule ambacho leo hana?

Sehemu ya jibu imo katika ute. Mwanafunzi aliyewahi kupasua jicho la ng'ombe katika maabara ya shule ameuona ute mzito, mwangavu kama kioo, uliojaa nyuma ya lenzi. Mwaka 1934, mjini New York, Karl Meyer na John Palmer walitoa katika ute huo sukari changamano ambayo siku hizi huitwa hialuronani. Si sukari ya kutia katika chai. Ni mnyororo wa sukari za aina mbili zinazopokezana, na molekuli moja yaweza kuwa na jozi 10,000 au zaidi, zikishika maji mengi kupita uzito wake. Mtu wa kilo 70 anayo gramu 15 hivi tu, na karibu nusu yake imo katika ngozi.

Hapa wanafunzi hutatizika, na kosa ni letu walimu. Tumewaambia kuwa jeni ni maagizo ya kutengeneza protini. Basi sukari yatoka wapi? Protini nyingine ni vimeng'enya, na kimeng'enya ndicho fundi anayeunganisha sukari hizo. Binadamu anao mafundi watatu wa hialuronani, watokao katika jeni za HAS1, HAS2 na HAS3. Wakati kiumbe kinapojengwa, HAS2 ndiyo yenye kazi kubwa. Panya walioondolewa jeni hiyo, kama ilivyotangazwa mwaka 2000, walikufa tumboni kiasi cha siku ya 10 ya mimba, moyo na mishipa ya damu ikiwa haijaundika sawasawa.

Jeni hizo zimo katika seli za kijusi na za mzee pia. Kinachotofautiana ni utendaji wake: lini inaamshwa, wapi, kwa muda gani. Katika jeraha la mtu mzima hialuronani huongezeka siku chache, kisha hupungua, na nyuzi za kolajeni hujazana kwa fujo. Katika majaribio ya vijusi vya kondoo ilidumu kwa wingi muda mrefu zaidi, na nyuzi zikapangika kama zilivyokuwa kabla ya kukatwa. Uvimbe nao huwa mdogo katika kijusi, kwa hiyo ute si sababu pekee.

Utendaji wa jeni unaonekana wazi kwa mbwa wa Kichina aitwaye shar-pei, mwenye mikunjo utadhani amevaa koti la kaka yake. Mwaka 2011 watafiti walieleza kuwa kipande cha herufi za urithi zaidi ya 16,000, kilicho karibu na HAS2, kimejirudia katika mbwa hao. Jeni hutenda kupita kiasi, na ngozi hujaa ute. Lakini mbwa hao pia husumbuliwa na homa za kurudi-rudi, na watafiti hao walizihusisha na kipande hicho hicho.

Katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi laini inayovutika, ifaayo mno kwa kupenya mashimo membamba. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitangaza kuwa molekuli zake za hialuronani huzidi zetu zaidi ya mara tano kwa ukubwa. HAS2 yake ina tofauti ndogo, lakini jambo jingine lina uzito pia. Sisi huvunja karibu theluthi ya hialuronani yetu kila siku, na vipande vifupi huchochea uvimbe ambao minyororo mirefu huutuliza. Vimeng'enya vya fuko vya kuivunja ni vivivu.