Kweli au Si Kweli: Mgonjwa Anayeweweseka Baada ya Kupasuliwa Kichwa

Huku Rungwe watu wanaumia vichwa kwa njia tunazozijua: bodaboda kwenye miteremko ya barabara ya Uyole hadi Kasumulu, wachumaji wanaodondoka kutoka juu ya miparachichi. Anayehitaji upasuaji hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na wengine hufika taasisi ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani. Upasuaji unakwisha salama, ndugu wanamshukuru Mungu. Halafu siku ya pili au ya tatu, akiwa bado chumba cha wagonjwa mahututi (ICU), mgonjwa anaanza kung'oa mipira aliyowekewa, anaongea na marehemu, anamkana mwanawe wa kumzaa. Madaktari wanaiita hali hiyo deliriamu. Mtaani yanasemwa mengine.

“Amelogwa, tumtoeni hospitali.”

Si kweli, na kumtoa ICU kunaweza kumuua. Deliriamu ni ubongo kuelemewa kwa ghafla, na kawaida yake ni kupanda na kushuka: asubuhi anakutambua, jioni hakujui. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakowafanya watu waone mkono wa mtu. Vyanzo vyake vinatafutwa kwa vipimo: homa ya mapafu, maambukizi yanayopitia mpira wa mkojo, sodiamu au sukari iliyoshuka, oksijeni pungufu, maumivu yasiyotulizwa.

“Kichwa kimefunguliwa, lazima achanganyikiwe.”

Hapa kuna ukweli nusu. Jeraha la ubongo lenyewe huongeza hatari, na kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo hatari inavyozidi. Wapo pia wanaoingia chumba cha upasuaji wakiwa tayari dhaifu: wazee, waliokwisha kuanza kupoteza kumbukumbu, wasioona au wasiosikia vizuri. Lakini neno “lazima” ndilo linalotuponza, kwa sababu linamfanya mtu aache kutafuta. Kuchanganyikiwa kupya kwa mtu aliyepasuliwa kichwa kunaweza kumaanisha damu inavuja tena ndani, maji yamejaa kwenye ubongo, au ana kifafa kisichomtikisa mwili. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri kesho.

“Huyu aliyetulia ndiye anaendelea vizuri.”

Si kweli, na katika yote ninayoandika hapa hili ndilo linaloniuma zaidi. Ipo deliriamu ya kimya. Mgonjwa halalamiki, hasumbui, anatazama dari tu. Anayepiga kelele kitanda cha pili ndiye anayepata daktari. Wa kimya anapitwa.

Kipimo kimoja kinachotumika duniani, CAM-ICU, kilichochapishwa mwaka 2001, hakimlazimu mgonjwa kuongea, kwa hiyo hata aliye kwenye mashine ya kupumulia anapimika. Nesi anamshika mkono, anamtajia herufi 10 moja moja, na mgonjwa anaminya kila anaposikia A. Kisha anaulizwa mambo mepesi, kama vile: je, jiwe linaelea majini? Mtu anayeonekana ametulia tu anaweza kushindwa kuminya hata mara moja. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa wa ICU waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, ingawa hawakuwa wa upasuaji wa ubongo: ndani ya miezi 6 walifariki asilimia 34 ya waliopata deliriamu, na asilimia 15 ya wasioipata.

“Mambo ya pombe tusimwambie daktari, ni aibu.”

Mwambieni. Aliyezoea komoni au gongo kila siku, akilala ICU ameacha ghafla. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kutetemeka, kutokwa jasho, kuona wadudu ukutani, hata kuanguka kifafa. Hali hiyo ina tiba yake, na daktari asiyejua habari ya pombe anaweza kuhangaika na jeraha huku mgonjwa akimponyoka. Tajeni pia dawa alizokuwa anameza nyumbani, pamoja na za mitishamba.

“Achomwe ya usingizi, afungwe mikono, atulie.”

Mara nyingi si kweli. Dawa za kundi la diazepamu na midazolamu zenyewe ni miongoni mwa visababishi vya deliriamu. Zina mahali pake, hasa kwa mwenye kifafa na huyo aliyeachishwa pombe ghafla. Kumnyamazisha mtu tu si mahali pake. Kumfunga mikono nako huzidisha woga na fujo. Najua nesi mmoja akiwa na wagonjwa wengi usiku hana chaguo jepesi, na simlaumu. Ndiyo maana linalofuata ni muhimu.

“Ndugu hana la kufanya ICU.”

Si kweli kabisa. Mleteeni miwani yake. Mwambieni leo ni siku gani, yuko wapi, nini kilimpata. Mzee wa Kinyakyusa aliyezungukwa na Kiswahili cha haraka na milio ya mashine akisikia “Ugonile, tata?” kwa sauti anayoifahamu, anapata pa kushika. Ombeni taa zipunguzwe usiku alale. Na mwambieni nesi mapema: “Jana hakuwa hivi.” Ninyi ndio mnaomjua alivyokuwa.

Akisharudi nyumbani Tukuyu, mwangalieni kwa wiki kadhaa. Damu inaweza kujikusanya taratibu kichwani, hasa kwa mzee. Akianza tena kusahau, kusinzia mchana au kuyumba akitembea, msiseme ni uzee: mpelekeni hospitali ya Makandana au ya Igogwe siku hiyohiyo, na karatasi za upasuaji mkononi.