Umeme wa Jirani Nao ni Kikosi cha Akiba

Hapana kamanda mwenye busara awapelekaye askari wake wote mstari wa mbele. Hubakiza kikosi cha akiba, ili upande mmoja ukizidiwa, msaada ufike upesi. Kanuni hiyo ndiyo iulindayo pia umeme katika Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda.

Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Kila dakika hapana budi mitambo izalishe kiasi kilekile kinachotumiwa, na mwendo wake uwe mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mkubwa ukizimika ghafla, mwendo huo hushuka. Usipozuiwa, mitambo mingine hujitoa mmoja baada ya mwingine. Septemba 6, 2024, laini iliyobeba megawati 288 za umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilikatika. Ikafuata ile ya kutoka Ethiopia, yenye megawati 200. Sehemu kubwa ya Kenya ikawa gizani.

Kinga ya msiba huo ni akiba: mitambo inayozunguka pasipo kutumia nguvu zake zote, ikingoja amri. Mitambo ya maji, kama ile ya Jinja, hufaa sana, kwani huongeza nguvu mara maji yanapofunguliwa. Lakini akiba ni ghali, maana mtambo hulipwa kwa kukesha. Ikiwa kila nchi itajiwekea akiba yake peke yake, gharama huongezeka bure, ilhali ni nadra zote mbili kupatwa na msiba saa moja. Huko Ulaya, waongoza gridi wa Ujerumani, Ufaransa, Uswisi na nchi nyingine hununua sehemu ya akiba hiyo kwa mnada mmoja.

Kwetu, mlango wa ushirikiano ni Tororo, kaskazini ya Busia. Makubaliano ya mwaka 1955 yaliipatia Kenya megawati 30 kutoka Jinja kwa miaka 50, na tangu mwaka 1958 umeme huo ulipita Tororo kwenda Nairobi kwa laini ya kilovolti 132. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini nyaya hazikukatwa. Mwaka 2005 nchi za eneo hili zilianzisha umoja wa gridi wa Afrika Mashariki, wenye makao Addis Ababa.

Hata hivyo, nyaya peke yake si akiba. Yapasa ijulikane mapema ni nani atoaye amri, msaada uje baada ya dakika ngapi, na kwa bei gani. Aidha, laini yenyewe ibakiziwe nafasi. Ikiwa imejaa, kikosi cha akiba hakina njia ya kupita. Tena ajali ya jirani nayo huweza kuvuka mpaka, isipozuiwa.

Hapo ndipo jukumu la walinzi linapoingia. Januari 11, 2022, minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, na umeme ukakatika nchini Kenya. Uchunguzi wa awali ulitaja uharibifu wa makusudi. Askari anayelinda mnara usiku asidhani analinda chuma kitupu. Analinda njia ya msaada. Nayo njia hiyo ikikatwa, akiba ya jirani haifiki.